Karatasi ya Miraba

Miaka thelathini na mmoja nimekagua reli,
Tanga, Pongwe, Muheza, hadi Korogwe,
nimeinama, shavu karibu na chuma,
jicho moja nimelifumba, jingine linafuata mstari
mpaka unapokwisha.
Chuma kikipinda kwa unene wa ukucha
nilikiona kabla ya treni.

Leo daktari wa macho pale Bombo,
binti wa rika la mjukuu wangu,
ananipa karatasi ya miraba midogomidogo.
"Babu, mistari imenyooka?"
Nikacheka. Hii, nikamuuliza, kailaza nani?
Katikati imejikunja kama reli iliyopigwa na jua la Januari,
na palipo na nukta naona moshi.

Hakucheka.
Akasema nyuma ya jicho, panapopokea picha, pamechakaa.
Kilichokwenda hakirudi.
Kilichobaki tukilinde: sigara basi,
na mboga za majani, babu, kila siku,
kijani kilichokolea.

Mimi! Niliyeziita chakula cha mbuzi
mbele ya wanangu wote,
niliyekula bada kwa papa
nikausukuma mchicha ukingoni mwa sahani
kama kokoto za njiani.

Mwanakombo hakusema "nilikwambia".
Alikwenda Mgandini, akarudi na kapu:
majani ya maboga, matembele,
na mchunga. Mungu wangu, mchunga,
uchungu wake unafika masikioni.
Akauchemsha, akamwaga maji, akatia tui.
"Majani ni mabehewa," akasema,
"tui ndiyo kichwa cha treni."
Ananisemesha kwa lugha yangu, mwanamke huyu!

Karatasi tumeibandika ubavuni mwa kabati la vyombo.
Kila alfajiri, nikishaswali,
nafumba jicho la kushoto, naikagua.
Kona ile ipo mraba wa saba.
Jana ilikuwa mraba wa saba.
Mfungo Sita wote, mraba wa saba.

Sijui ni mchunga, sijui ni rehema tu,
sijui ni ile pakiti niliyoitupa mtaroni.
Mkaguzi hasemi asichokipima.

Uso wa Mwanakombo, nikiutazama moja kwa moja,
una moshi puani.
Nikiutazama kwa pembe ya jicho namwona mzima:
kipini, kovu la utotoni kidevuni,
upawa mkononi, ananisubiri.

Nasogeza sahani.
Njia haijanyooka, mke wangu,
ila haijasogea.
Ongeza.