Milimita Thelathini na Moja

Droni imerudi jana ndani ya gunia la mkaa,
tope la Sabaki limeganda kwenye mota.
Kazungu aliikuta imening'inia mkokoni,
taa ikipepesa, nyekundu, nyekundu,
kama mtu aitaye jina lisilo na mwenyewe.
Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema,
akanionyesha guu lenyewe, mfukoni mwake.

Ilikuwa ikihesabu heroe.
Ilifika mia nne na kumi na wawili,
ikageuza mgongo kulifuata kundi,
na kwa kule kugeuka tu, ikatupotea.
Sanita ameishika rimoti kwa mikono miwili,
rudi, rudi, rudi wewe.
Haikusikia.

Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo wasemavyo.
Mimi fundi, sikubali haraka.
Naifungua kwanza.

Tazama kazi hii, safi, ya kupendeza:
antena mbili zimelazwa pamoja
juu ya mkono wa kaboni, zikafungwa utepe mweusi,
ncha zimechomekwa chini ya betri
zisionekane, zisipeperuke.
Na kaboni humeza mawimbi kimyakimya
kama mchanga wa Mambrui unavyomeza ndoo ya maji.
Betri ni ukuta. Kile kirusha picha cha nyuma
kinapiga kelele kutwa sikioni mwake.
Nani angesikia?

Aliyezifunga hivi ni mimi.
Mwezi Machi, usiku, umeme ukikatikakatika,
nilitaka mteja aseme: unajua kufunga, dada.

Kwetu Maweni tulikuwa na televisheni
na bomba refu lililotokeza juu ya makuti.
Mama dirishani: Zungusha! Basi! Umepitiliza!
Kaka Mwaringa juu, anazungusha.
Picha ilitulia pale tu alipolishika bomba,
akaambiwa asitoke.
Taarifa ya habari nzima kaka yangu alikuwa antena,
mbu wakimla, sisi tukimtazama waziri
akifungua daraja la mbali.
Akishuka, dunia yote chenga.

Nakata utepe kwa wembe. Nazitoa polepole,
zisipindwe, zisivunjike roho ndani.
Kisikiacho si waya mzima.
Ni ile ncha iliyovuliwa ganda,
milimita thelathini na moja,
fupi kuliko kijiti cha kiberiti.
Waya uliobaki ni ukumbi wa kupitia.
Ncha ikae nje, uchi, mbali na chuma.

Nachukua mirija miwili ya madafu iwe mifupa yake.
Mmoja nausimamisha, wa pili naulaza,
pembe mraba,
ili wa kwanza akizibwa wa pili adake.
Si nadhifu. Inafanana na mdudu
aliyeamshwa usingizini.

Na lipo jambo nililisoma mara tatu nikakataa:
ncha haisikii inakoelekea.
Ukiilenga sawasawa kwa anayeita, kiziwi.
Husikia kwa ubavu.

Sanita amekaa mbele yangu mwezi mzima,
nikimkazia macho, nikitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo,
wala sikumbuki alisema nini
juu ya mguu wa mwanawe.

Leo alfajiri, kwenye uwanja mtupu nyuma ya shule,
anaondoka na rimoti, anahesabu hatua,
anapungua, anakuwa nukta ya leso ya manjano.
Nimeing'oa mapanga. Nainyanyua juu ya kichwa,
nageuka: uso, ubavu, mgongo.
Kijani.
Kijani bado.
Simu inalia, naibana kwa bega.
Inashika?
Inashika, nasema. Hebu niambie tena,
ule mguu wa mtoto.

Anaanza mbali, tangu kliniki ya kwanza.
Mkono unaniuma.
Siushushi.