Kiti cha Afisi ya Wete

Faki alipoondoka, kiti kikabaki wazi,
Ngoziye imepasuka, gurudumu haliwezi,
Shaame akakitaka, na Mkasi, manunuzi;
Mimi chai napeleka, tarishi, hayo siwazi.

Muhuri ukapotea: kumbe Mkasi, pochini!
Shaame kazifungia karatasi kabatini,
Wiki tatu tumekaa, barua ziko mezani;
Mjane kanijilia, kutoka kule Kojani.

Ataka sahihi moja, ya pensheni ya mumewe,
Kaambiwa, "Mama, ngoja, mkubwa nani, tujuwe."
Kakaa kwenye daraja, buibui la mwanawe;
Alasiri nayo yaja, kashuka ngazi mwenyewe.

Salamu zikawa mbili, moja huku, moja huko,
Na mabirika mawili, napika kwa moja jiko,
Kila mtu kanijali: "Tarishi, mimi ni wako."
Nami hujibu, "Ni kweli," nikikoroga kijiko.

Bahasha nilipokea, ya boti, toka Unguja,
Juani nikainua, jina geni likavuja.
Siku tisa ikakaa, nayo chai, kopo moja;
Nao wakipigania kiti, nami nawangoja.

Kwa Shaame nikasema: "Mkasi anena huna."
Sahihi akaichoma, waraka nusra kuchana.
Kwa Mkasi nikahama: "Shaame kanena huna."
Muhuri ukanguruma, meza yote ikaguna.

Kojani ilipofika, bahasha kwa wapokezi;
Majani yakadondoka: "Hii barua ya juzi?"
Mgeni kaja, kacheka: "Kiti hiki hakiwezi!"
Mimi chai napeleka, tarishi, hayo siwazi.