Kipimo cha Kiganja

Rivolva ya Toivo ilikuwa kubwa kama malalamiko yake:
mtutu mrefu, mpini wa mjozi,
na teke la punda aliyeudhiwa.
Nilipoijaribu Machi, nyuma ya ghala, theluji magotini,
risasi ilikwenda ilikojua yenyewe,
nami kifundo cha mkono kikavimba siku nne.
Nguo ya kuazima haisitiri.
Ya marehemu ndiyo kabisa.

Basi nikashuka Butte, kwa Delmar Pruitt,
duka lililobanwa kati ya kinyozi na benki iliyofungwa.
Delmar ana vidole vitatu mkono wa kulia;
viwili vilibaki mgodini, futi elfu mbili chini,
na husema huko havidaiwi kodi.

Hakuniuliza nina pesa ngapi. Hakuniuliza naogopa nani.
Alisema, nipe mkono.
Akaulaza juu ya kaunta kama samaki wa kupimwa:
kiganja kipana, vidole vifupi,
viungo vilivyovimba kwa miaka thelathini na mmoja
ya kukanda unga saa tisa za usiku.
"Aune," akasema, "mkono huu haukosi nguvu. Unakosa urefu."

Ya kwanza ilikuwa nene. Kidole kilikifikia kifyatulio
kwa ncha ya ukucha,
kama mtoto anayechungulia juu ya meza.
Ya pili nyembamba, nyepesi, ya kutia mkobani;
nikaipenda, Delmar akatikisa kichwa.
"Chuma kizito hulimeza teke.
Hiki kitakuachia wewe ulimeze."
Ya tatu ilinifaa hadi nilipovuta chuma cha juu:
springi ngumu, haisogei ng'o.
Usivute, akanambia. Ilete karibu na kifua,
mtutu uelekee ukutani, halafu sukuma kwa mkono wa chini,
kama unavyosukuma donge kaidi.
Ikasogea. Nikacheka kwa sauti, dukani,
viatu vyangu vikivuja theluji.

"Sasa simama kama unalenga."
Nikasimama kama walivyo kwenye picha,
mgongo nyuma, viwiko vimekakamaa.
"Hapana. Simama kama unakanda."
Nikainama kidogo, uzito kwenye vidole vya miguu,
mabega mbele ya nyonga,
na mikono ikajinyoosha yenyewe
hadi pale ambapo meza ilikuwa
miaka yote ile.

Ya tano. Kuukuu, imechubuka ubavuni,
mpini mwembamba, haina urembo wowote.
Alikagua kwamba ni tupu mara mbili, nami ya tatu.
Nikafumba macho, nikainua, nikafumbua:
alama ya mbele imekaa ndani ya ile ya nyuma
kama jino kwenye ufizi.
Nyama ya ncha ya kidole, si kifundo,
ikalala juu ya kifyatulio bila kunyooshwa.

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Hiki kimoja, naambiwa, nikilaze kando,
kinyooke, kisiguse kitu,
mpaka niwe nimekwisha kukubaliana
na kila kitakachofuata.
Delmar aliinua mkono wake wenye vitatu aliposema hivyo.
Hakutabasamu.

"Ya nini, kwani?" akauliza mwishoni, akihesabu chenji.
Nikasema, dubu.
Akaitikia kwa kichwa,
kama mtu anayewajua dubu wa kila namna.
Lakini dubu haji jikoni kwangu Jumatano saa kumi,
saa aliyokuwa akirudi Toivo na kuikosoa chai.
Nilitaka jambo ambalo ukimya wake
ningeuchagua mwenyewe.

Ile rivolva nimeifungia kabatini. Siiuzi.
Jana uwanjani nilipiga kumi:
saba karatasini,
mbili kwenye mbao,
na moja, asema Delmar, bado iko njiani.