Nafasi ya Gari Nisilo Nalo

Ofisi ya mipango miji, Duluth, ghorofa ya pili,
dirisha la tatu. Kijana anaitwa Trygve,
ana mafua na kalamu nyekundu.
Nimemtandikia mchoro wangu juu ya kaunta:
futi nane kwa ishirini, mia moja na sitini.
Kitanda darini, ngazi, jiko la sahani mbili,
na dirisha moja linaloliona ziwa
kati ya dohani la jirani na paa la kanisa.

"Ina magurudumu?"
Manne.
"Basi ni gari. Na garini hakulaliwi
zaidi ya siku kumi na nne."
Nikiyang'oa?
"Basi ni nyumba. Na nyumba huanza na msingi,
futi tano kwenda chini, barafu isije ikaunyanyua."

Nikamkumbuka popo:
kwa ndege ni mnyama, kwa wanyama ni ndege,
na kote kuwili anadaiwa.

Nyumba yenyewe niliinunua dola elfu thelathini na moja.
Thelathini na moja ndiyo miaka niliyoendesha basi la shule
kupanda na kushuka kilima hiki,
gia ya pili, breki zikilia kama paka.
Elfu moja kwa kila mwaka, basi, si haba.
Lakini kuunganishwa na bomba la majitaka
ni elfu kumi na moja na mia nne.
Waliosema nyumba ni choo
hawakuwahi kuiona bili yake.

"Kimebaki kimoja tu," Trygve akasema. "Maegesho."
Sina gari, mwanangu.
Jicho la kushoto lilipoanza kuingia ukungu
niliurudisha ufunguo mwenyewe,
kabla mtoto wa mtu hajalipia.
"Sheria haikuulizi wewe. Inaiuliza nyumba.
Futi tisa kwa kumi na nane, zege au lami."

Nikazidisha nyuma ya tiketi ya basi.
Mia moja sitini na mbili.
Nikazidisha tena.

Gari nisilo nalo
linanishinda futi mbili za mraba.

Nikamsogezea tiketi. Naye akazidisha,
midomo ikichezacheza kama ya mwanafunzi.
"Sikuwahi kuzizidisha," akasema,
akapenga kamasi, akagonga muhuri.

Siku ya kusikiliza hoja za wananchi
bwana Gunderson alisimama na miwani mkononi:
leo kibanda kimoja, kesho kambi,
na magari yatajaa mtaani hadi mlangoni kwake.
Lipi? nikauliza kutoka safu ya nyuma.
Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza.
Kura nne kwa tatu: nyumba ikapita.
Maegesho yakabaki pale pale.

Kiwanja ni cha wifi yangu, Lempi,
nyuma ya jiko lake, chembamba kama mkanda.
Nyumba na zege havikuenea
pamoja na mtufaha wa marehemu kaka yangu.
Nilisema niache. Nilisema mara mbili.
Lempi akasema matufaha yenyewe yalikuwa machungu,
akaingia ndani kuchemsha kahawa,
na msumeno ulipowashwa
akafungulia redio sauti ya juu.

Sasa ni Januari. Theluji imeshuka usiku kucha,
na kanuni inataka maegesho yawe wazi
hata kama kinachoegeshwa ni upepo.
Nashika koleo alfajiri.
Nasafisha chumba changu kikubwa kuliko vyote,
kisicho na paa, kisicho na mtu,
hadi zege linatoka jeusi, linafuka mvuke.

Siku nyingine Lempi hutoka na vikombe viwili,
akasimama katikati yake,
akanywa akiangalia mahali ambapo hakuna kitu.
Hatusemi.

Kona moja siigusi, pale lilipokuwa shina.
Trygve akija na futi yake ya chuma
nitamwambia koleo halikufika.