Kopo Limelala

Julai. Jalidi imepita kwenye mchicha wangu,
imeuacha mweusi kama majani ya chai yaliyokwisha chujwa.
Hapa Iyunga bustani imefunga duka.
Basi nalima jikoni.

Viganja viwili vya choroko, maji ya vuguvugu, usiku mmoja.
Asubuhi namwaga, nasuuza, nafunika kwa kipande cha kanga
chenye nusu ya jina lake: ...MWISHO NITAJUA,
na kopo nalilaza ubavu, jirani na jiko la mkaa,
kama alivyolilaza baba,
kama alivyomwonesha fundi wa reli, Mchina mrefu
aliyejua Kiswahili cha kuhesabu tu:
moja, suuza; mbili, suuza; giza, giza.

Mama alicheka. "Mwakyoma, choroko zako zimeota mikia!"
Siku tatu hakuzigusa.
Ya nne akazikaanga na kitunguu, akamimina karanga za kusaga,
akasonga ugali, hakusema neno.
Akalamba mwiko.

Leo ni ya tatu. Nafunua:
shingo nyeupe zimejikunja, zimevaa kofia za kijani,
zinasukumana kama abiria wa daraja la tatu
treni ikishapiga honi.
Kopo linanuka mvua, na mvua ni mpaka Novemba.

Mjukuu wangu Anyisile anauliza zinakula nini humo gizani.
Maji, namwambia. Na kusubiri.
"Kusubiri si chakula, bibi."

Mafuta yanalia kwenye sufuria.
Anakula sahani mbili.