Meno ya Nyuma

Mzee Gwilym alinirithisha nyoka.
Si nyumba, si saa ya ukutani:
nyoka, na sanduku lake la kioo, na taa ya joto,
na daftari lenye tarehe za kula na za kujivua gamba,
kwa mwandiko wake unaotetemeka.
"Katika wauguzi wote," alisema, "ni wewe tu hukupiga kelele."
Hakujua kelele zangu niliziishia zamani
ndani ya mto wa kulalia, nyumba nyingine.

Yeye akapelekwa kwenye makao ya wazee.
Mimi nikateremka nayo Dowlais kwa miguu,
sanduku kifuani, koti la kazi juu yake,
mvua ya Merthyr ikininyeshea mimi peke yangu.

Jina lake Blodwen. Urefu dhiraa moja na kitu,
rangi ya chapati iliyosahauliwa kaangoni,
pua imebetuka kama koleo.
Ukimtisha hutanua shingo, hufoka,
hukugonga kwa pua, kinywa kimefungwa.
Usipotishika, basi, hufa.
Hulala chali, ulimi nje, kinywa wazi.
Mgeuze kifudifudi, atajibinua chali tena
kama mfiwa anayekatazwa kulia.

Taa yake inakula umeme.
Mita yangu ni ya kulipia kabla, kama Luku ya kwetu;
kuna usiku nimelala na soksi mbili na kofia
na yeye yuko jangwani kwake, nyuzi thelathini.
Mama aliuliza kwenye simu nafuga nini huko.
Nikasema kobe.

Mbaruku naye hupiga kila Jumapili.
Huanza vizuri: hujambo, baridi je, watoto wa dada wamefaulu.
Dakika ishirini za asali.
Halafu, salio likikaribia kwisha:
"Kwani nani mwingine angekuchukua wewe?"
Anacheka. Nami nacheka.
Haiui. Miaka kumi na minne, haijaua.

Gwilym alinieleza mapema:
huyu si swila, meno yake ya sumu yako nyuma kabisa,
karibu na koo. Akikudonoa tu, hakuna kitu.
Lazima atafune.
"Na akitafuna, usivute. Utamvunja meno,
na wewe utajichana."

Jumanne nilimyeyushia panya wake kwenye maji ya moto,
simu ikalia, nikasahau kunawa.
Kosa ni langu, mkono ulinuka chakula.
Akashika kidole cha pete, mkono wa kushoto,
akaanza kutafuna, taratibu,
macho yake meusi hayana ubaya wowote,
kama mtu anayetafuta neno.

Sikuvuta.
Nilisimama jikoni, mkono chini ya bomba la baridi,
nikahesabu hadi mia na sitini na kitu,
akachoka, akaachia.

Kufika usiku kidole kilikuwa muhogo.
Kiganja kikafuata, kisha kifundo.
Pete ikazama nyamani.
Muuguzi aliitwa Nerys, ana kijisumeno cha kuzungusha kwa mkono.
"Pole, mpenzi, lazima niikate. Utaniruhusu?"
Mara ngapi nilijaribu, kwa sabuni, kwa mafuta ya nazi,
nikajiambia kifundo cha kidole ndicho kinakataa.
Nikasema ikate.
Akanitilia vipande viwili kwenye kifuko cha plastiki
cha kutilia vipimo, akaandika jina langu.
La kwangu na baba yangu.

Uvimbe ulikaa siku tano. Kuwasha, wiki mbili.
Jumapili simu ililia, ikalia, ikanyamaza.
Nilikuwa nasafisha maji ya Blodwen.

Nikaandika daftarini chini ya mwandiko wa mzee:
*Jumanne, ameuma. Ijumaa, amekula mmoja, mdogo.*

Nilipokwenda kumtazama nikamwonyesha mkono.
Aliushika muda mrefu, akaugeuza, akaurudisha.
Alama nyeupe ya pete aliiona, hakuigusa.
"Ulivuta?"
"Sikuvuta."
Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho,
akauliza kama taa nimeibadilisha.