Jumlisha Moja

Faili langu halina picha wala rangi.
Maandishi matupu, meupe kwenye giza,
ndani ya kompyuta kuukuu ya zahanati yetu,
Arua, upande wa Mvara.
Mstari mmoja, kazi moja, tarehe kwenye mabano,
na mkiani mwa tarehe alama ndogo
inayoamua kazi ikishafanywa irudi lini.

Maana humu kazi haifi.
Unaandika IMEKWISHA, unainua kidole,
papo hapo inasomeka HAIJAFANYWA,
imevaa tarehe mpya,
inakutazama kama mdai aliyetoka kuoga.

Kuna jumlisha yenye nukta: huhesabu tangu siku uliyotenda.
Hiyo nimelipa chujio la jenereta.
Nikichelewa siku tisa, chujio halinuni;
mwezi wake unaanza vidole vyangu vikiwa bado na grisi.

Kuna jumlisha mbili: huruka yote yaliyopita,
hutua siku ile ile, iliyo mbele.
Hiyo ni ya gulio.
Nani hurudi kununua mihogo ya wiki jana?

Na kuna jumlisha moja, peke yake,
kavu kama karani wa kodi.
Huongeza wiki moja, basi.
Umechelewa kumi na moja? Bonyeza: bado kumi.
Umesogea, na ungali jana.

"Kumpigia Drani, Juba. Kila Jumapili."
Niliandika siku alipopanda lori la saruji,
nikaweka jumlisha moja bila kufikiri.
Leo, zamu ya Jumapili, mstari unasema:
umechelewa siku sabini na saba.

Andiru wa mapokezi akachungulia begani.
"Si utie nukta tu, uanze leo?"
Kweli. Kinukta kimoja na deni lote lingeyeyuka,
wala hakuna mkaguzi ambaye angejua.
Kidole kilifika kwenye nukta.
Kikakaa.

Nikapiga simu. Iliita mpaka ikakatika.
Nikapiga tena.
"Nani?" Sauti nzito, ya usingizi au ya homa.
"Mimi, Ezaruku."
Kimya kirefu, salio likiliwa.
"Kumbe namba yangu bado unayo."

Nikaandika IMEKWISHA, mara moja.
Bado siku sabini.
Alama sikuigusa.
Nikahifadhi faili, nikaenda kusoma kipimajoto
cha friji ya chanjo: nyuzi nne.
Hiyo ni ya kila siku.